Maziwa ya Baba na Nyota ya Jioni

Juzi nilikuwa naanua nguo kwenye paa la ploti tunayopanga hapa Kitengela, nikaiona nyota ya jioni. Mtoto wangu akaniambia hiyo ni sayari. Inazunguka jua na sisi pia tunalizunguka, ndiyo maana baada ya wiki chache tunaiona mahali pengine. Nguo zikaniponyoka.

Nilipokuwa mtoto, ukame ulipozidi, baba aliwahamisha ng'ombe kwenda upande wa Entarara. Kabla ya kuondoka alinionyesha nyota hiyohiyo juu ya tangi letu la maji. "Nitakuwa chini yake," akasema. "Ukinikumbuka, iangalie."

Kila jioni, boma likinuka moshi na mbuzi, mama alimwekea maziwa kwenye kikombe chake cha bati, kama yuko. Mimi niliangalia nyota. Mwanzoni ilikuwa juu ya tangi, halafu ikashuka, ikawa inazidi kushuka. Nilidhani baba anazidi kwenda mbali. Jioni ambayo sikuiona kabisa, na kila jioni iliyofuata, nilikunywa yale maziwa, nikaosha kikombe, nikakifudikiza.

Baba alirudi na ng'ombe sita tu. Aliketi, akanyoosha mkono kuchukua kikombe, akakikuta kikavu.

"Ulitoka pale uliponiambia," nikamwambia.

Alikigeuza kile kikombe mkononi. "Mwanangu, nilikuwa palepale," akaniambia polepole. "Sikutoka."

Sikumwamini, kwa sababu nilikuwa nimeona kwa macho yangu. Baba tulimzika mwaka jana, na mpaka juzi kule juu ya paa nilijua alinidanganya.