Namna Nyanya Alivyoirudisha Hereni

Kabla sijasema lolote, msomaji wangu, nitenge mafungu mawili. Kwamba hereni ilipotea siku ya Jumapili, na kwamba ilikuwa zawadi ya arusi, hayo niliambiwa. Ilikopatikana na jinsi ilivyorudishwa niliyaona kwa macho yangu, nikiwa na umri wa miaka tisa.

Nalazimika kuyaandika kwa sababu ya Ijumaa iliyopita. Niko Doha kwa binti yangu, muuguzi anayeishi Al Mansoura, na kila Ijumaa hunipeleka kanisani Mesaimeer. Baada ya ibada tulikuwa tukinywa chai pamoja na Wakenya wengine. Kijana mmoja, mlinzi kule The Pearl, mtaa wa matajiri, alikuwa akiwachekesha wenzake kwa kisa cha kwao: kizee fulani alimwibia nyanya ya kijana huyo hereni, akasamehewa kwa huruma tu. Alitaja kijiji. Kilikuwa changu. Kizee huyo alikuwa nyanya yangu.

"Ulikuwepo?" nikamwuliza.

"Mimi, Mzee? Hata baba yangu alikuwa hajazaliwa! Lakini hiyo stori kwetu kila mtu anaijua."

"Basi keti. Mimi nilikuwepo."

Nikamweleza kama ninavyokueleza wewe.

Hapakuwa na ukuta kati yetu na jirani. Moshi wa kuni zao uliingia kwetu, harufu ya viazi vitamu vyetu iliingia kwao, na kuku wao walichakura popote walipotaka. Nyanya alimfulia jirani nguo kila Jumamosi. Jirani, ndiye nyanya ya kijana yule, alikuwa mke wa mzee wa kanisa, na masikioni alivaa hereni za dhahabu zenye kijiwe chekundu, ambazo hakuna mwingine kijijini aliyekuwa na mfano wake. Moja ilipopotea, hakuitafuta uvunguni wala uani. Alikwenda kisimani, akauliza kwa sauti ya upole, "Jamani, mikono inayogusa nguo zangu ni mingapi?" Baada ya juma moja, watu ambao hawajawahi kuiona hereni hiyo kwa karibu walikuwa wakiapa kwamba nyanya ameiuza.

Chama cha akina mama kikaamua kwamba wazee waje kwa nyanya, wale chakula, wamsikilize. Na asipoitoa hereni, avuliwe kitambaa cheupe cha kichwani, alama ya chama, alichovaa kanisani tangu ujana wake. Nyanya hakuwa na kingine cha kujivunia. Kitambaa hicho alikifua peke yake na kukianika ndani ya nyumba, kisiguswe na vumbi.

Kuku wa kuwachinjia wageni hakuwa naye. Jirani, ili aonekane ana roho nzuri, akatuletea jogoo wake mwenyewe. "Pokea, mama, usije ukasema tulikuja kukuhukumu mikono mitupu." Nyanya akampokea jogoo kwa mikono miwili, akashukuru.

Mimi ndiye niliyemnyonyoa. Nyanya akaipasua firigisi ili amwage changarawe, mara mkono wake ukasimama. Katikati ya mawe madogo na punje za mahindi palikuwa na kijiwe chekundu.

"Umeona nini?"

"Hereni."

"Umeiona au umeisikia?"

"Nimeiona, nyanya."

"Basi kaa nayo moyoni."

Nilidhani atatoka mbio akipiga vigelegele. La. Aliiosha hereni, akabandua utando wa njano wa firigisi, akairudisha hereni ndani ya firigisi, akaishona kwa uzi na kuitia chunguni.

Yakupasa kujua kwamba kwetu firigisi ilikuwa ya mwanamume mwenye heshima kuliko wote waliopo. Mwanamke hakuionja, hata kama kuku alimfuga, akamchinja na kumpika yeye. Hivyo haikuwa na budi kufika kwenye sahani ya mzee wa kanisa, mume wa jirani. Alikuwa akitufafanulia maana ya toba, kwa hiyo uzi hakuuona. Akauma. Meno yakagonga kitu kigumu, nami nikasikia mlio wake kutoka mlangoni. Akatema kiganjani. Wazee wakainamia kiganja kile, kisha wakamtazama mkewe, aliyekuja nao.

"Mrudishie mwenyewe, Mzee," nyanya akasema. "Jogoo ni wenu, hereni ni yenu. Mimi nimechangia chumvi tu."

Mmoja wao alikohoa ili afiche kicheko. Jirani akanyoosha mkono, akaipokea ikidondosha mchuzi. Hakuna aliyetaja kitambaa tena. Sitaficha: nilifurahi, na furaha ile haijapoa hata leo.

"Lakini Mzee, sisi tulisikia..." kijana akaanza.

"Najua mlisikia."

"Kumbe mwizi alikuwa jogoo wenu!" mwenzake akadakia, nao wengine wakamwandama kijana kwa utani mpaka chai yake ikapoa. Ningeweza kuwanyamazisha. Sikutaka.

Ua ule sasa umejengwa nyumba za kupangisha. Wazee wote wamekufa. Hapa Al Mansoura binti yangu hununua firigisi zilizogandishwa, za kuku wasio na mwenyewe, wala hajui kwamba ziliwahi kukatazwa. Waliobaki ni wasimuliaji. Wanasema jirani aliomba radhi faraghani, sikuwapo. Wanasema hakuzivaa tena hereni zile. Sijui, maana nilipelekwa shule ya bweni. Ninachoweza kukiapia ni kwamba, wazee wakiwa bado wameketi, nyanya aliivuta sahani ya mzee wa kanisa, akakata palipokuwa na alama ya meno, akamtupia paka, kisha akaila firigisi iliyobaki, taratibu, akiwatazama mmoja mmoja, mpaka ikaisha.