Ng'ombe wa Ziada

Nkosikhona Mdletshe alianza maisha kwa kuuza kuku wa mama yake kando ya barabara iendayo Mtubatuba. Akapanda hadi kwenye mbuzi, akafika kwenye ng'ombe, na njia nzima hakumkubalia mtu bei ya kwanza. Shule aliiona kwa mbali. Kanuni yake ilikuwa moja, aliirudia hata msibani: "Usihangaike na anachokupunguzia mtu. Tazama asichokubali kupunguza. Hapo ndipo alipoificha haja yake."

Ndiyo maana kaka yake alipofariki, ukoo haukubishana. Mahari ya Nomcebo, binti wa marehemu, ingesemwa na baba yake mdogo.

Nomcebo hakuwa msichana wa kushinda jikoni. Aliongoza doria ya wenyeji kwenye uzio wa hifadhi, uzio unaopita nyuma ya zizi la kina Mdletshe, na karibu wote aliowaongoza walikuwa binamu zake. Zamani majangili walikuwa wakiingia hapo kama wanaingia dukani: kifaru anaangushwa, pembe inakatwa kwa shoka, mzoga wanaachiwa tai. Tangu wenyeji wapewe kazi ya kuulinda uzio, pembe zilibaki puani mwa wenyewe, na nyumba nyingi zikapata bati.

Wajumbe wa Muzikayise Mthiyane, mchumba wa Nomcebo, walifika alfajiri, wakasimama langoni wakizitaja sifa za ukoo wa Mdletshe kwa sauti, kama ilivyo ada. Nkosikhona akamaliza uji wake kwanza. Lango la mahari halifunguliwi upesi. Wageni watadhani binti amewachosha nyumbani.

"Ng'ombe kumi, na mmoja wa mama," alisema walipoketi mkekani. Alitegemea waanze kulia ukame.

"Tumekubali," akajibu Gumede, msemaji wao, mtu wa viatu vya kung'aa.

"Waje kwa miguu yao. Sitaki bahasha ya pesa."

"Watatembea, Baba."

"Majike watupu."

"Majike, Baba. Ila sherehe iwe Jumamosi ya mwezi mpevu, hapa kwenu. Na shemeji zake Muzikayise, binamu wote wa binti, wawepo. Bwana harusi hataki akosekane hata mmoja."

Nkosikhona akajikuna kidevu. Watu hawa wamemeza kila kitu bila kutafuna, kasoro siku.

"Jumamosi hiyo nina mnada," akasema. "Tusogeze wiki moja, nami nitawaachia ng'ombe wawili."

Gumede akacheka. "Mdletshe, leo wewe ndiye wa kutupunguzia? Watu wa Mtubatuba hawataamini. Siku ibaki hiyo hiyo, nasi tunaongeza mmoja."

Tangu enzi za kuku, hakuna mnunuzi aliyewahi kumlipa Nkosikhona ili akatae punguzo. Akanyoosha mkono. "Siku ni yenu."

Wageni walipoondoka, alimkuta Nomcebo akifunga kamba za viatu vya doria.

"Ng'ombe umepata na wa ziada, Baba mdogo. Mbona uso umeukunja?"

"Niambie, jangili anaupendea nini mwezi mpevu?"

Mikono ya Nomcebo ikasimama. Nani asiyejua? Mwezi ukijaa, mwizi hahitaji tochi.

"Labda Muzi anapenda mbalamwezi tu."

"Labda. Basi vijana wako wakae uzioni, na mimi nitaujaza uwanja kwa watu wengine. Akiwa mkweli, tutapoteza nyama kidogo tu. Akiwa mwongo, wewe hutapoteza maisha yako nyumbani kwake."

"Kwa nini nisimuulize mwenyewe?"

"Ukimuuliza utapata jibu. Mimi nakutafutia ukweli."

Nomcebo akakaza fundo. "Nampenda, Baba mdogo."

"Najua. Ndiyo maana sitaki umnunue gizani."

Nomcebo akafunga kiatu cha pili. "Hakuna atakayetoka uzioni," akasema.

Jumamosi ng'ombe walikuja kwa miguu yao, wote majike. Nkosikhona alikuwa amewakodi wachunga mifugo wa mnadani, akawavisha mashati mazuri na kuwaambia wale, wacheze, wajibu wakiitwa shemeji. Hawakuhitaji kuambiwa mara mbili. Muzikayise alipita akiwapa mikono, akamwinamia Nomcebo: "Ndio wote hawa? Uzioni hamkubakisha mtu?"

Nomcebo alimtazama sana. "Ndio wote," akasema. Akamjazia chungu cha pombe ya mtama kwa mikono miwili, kama ilivyo heshima, na tangu hapo hakumtazama tena.

Asubuhi habari ikazagaa: watu watatu wamekamatwa kwenye uzio na bunduki na shoka, hata kifaru hawajamwona, na gari lililowaleta ni la Gumede. Hawakulala na siri: waliwataja waliowatuma. Kabla ya saa nne polisi walikuwa wamemchukua Gumede na bwana harusi.

Siku chache baadaye wazee wa Mthiyane walisimama langoni, wakizitaja sifa za ukoo kwa sauti za kuchoka. Nkosikhona aliwaacha juani hadi uji ulipokwisha. Walitaka ng'ombe wao, na safari hii walilia ukame, wakalia uzee, wakabishania kila mguu na kila mkia.

"Mwenye neno ni binti," akawaambia, akamwita.

Nomcebo alitoka amevaa sare za doria. "Wazee hawana kosa. Wapeni ng'ombe wao, pamoja na wa mama. Yule wa ziada abaki."

"Kwa nini huyo?" akauliza mzee mmoja.

"Huyo hakuwa mahari yangu. Alikuwa bei ya siku, na siku mliipata."

Wazee wakawaswaga kumi na mmoja wao. Ng'ombe huyo walimla vijana wa doria, pale pale kwenye uzio, na Nkosikhona akaomba ini.