Majogoo Wasiokataa

Mimi, Karnabir Gharti, sina ujuzi wowote wa maana. Matuta yangu ya ulezi yamepinda. Jeshini walinipima kifua wakacheka, na nilipofungua kibanda cha chai njiani nilikunywa nyingi kuliko niliyouza. Lakini kwa miaka ishirini nilikuwa na sifa moja kijijini kwetu, na kwa sifa hiyo kichwa kilinivimba: majogoo wangu hawakukataa tambiko hata siku moja.

Kwetu jogoo hachinjiwi mizimu ya ukoo mpaka akubali mwenyewe. Mganga humnyunyizia maji na punje za mchele, kisha watu hungoja. Akijikung'uta, wazee wetu waliokufa wamempokea na nyumba iko salama mwaka mzima. Asipojikung'uta, yupo mtu nyumbani aliyewakosea, na lazima atafutwe. Majogoo wa wenzangu walingojewa hadi watu wakafa ganzi miguu. Wangu? Tone la kwanza tu, manyoya yote juu! Wengine walijikung'uta hata kabla maji hayajawafikia. Watu walivuka mto kuja kununua kwangu, nami nikiwaambia kwa sauti ya upole, "Ah, ni moyo safi tu wa mfugaji."

Majira ya baridi mwanangu Hasta alioa, na baada ya wiki tatu akarudi kazini Qatar, akatuachia mkewe, Rupsara. Binti huyo alikuwa amesomea utunzaji wa mifugo kwa wiki sita kule mjini. Sikuona haja ya masomo hayo nyumbani kwa mtu kama mimi. Siku moja akanijia ugani amemshika kuku kichwa chini.

"Baba, huyu ameacha mayai kumi na moja. Umeona?"

"Ana hasira tu. Kuku wetu wana damu ya moto."

"Damu gani, Baba? Imeshanyonywa yote."

Akafunua manyoya chini ya mkia. Chawa wa rangi ya majani makavu wakatawanyika kila upande, na mayai yao yameganda kwenye mashina ya manyoya kama uji uliokaukia sufuriani. Kisha akachokonoa kiungo cha mwanzi bandani kwa kijiti, na kijiti kikatoka chekundu, kinatembea.

"Na huu utitiri. Mchana unalala humu kwenye nyufa, giza likiingia unapanda kunywa."

Mke wangu, Tilsari, aliangua kicheko mlangoni. "Kumbe! Baba Hasta, kila ukitoka humo unajikuna kama mbwa, halafu unaniambia ni uzee!"

Mtu mwenye akili angeunganisha mambo palepale. Mimi ilinichukua miezi mitatu, tena mbele ya ukoo mzima.

Rupsara alichoma nyasi zote za bandani, akamwaga maji yanayochemka kwenye kila ufa wa mwanzi. Alichekecha majivu ya jikoni, akayachanganya na udongo mkavu kwenye karai bovu ili kuku waoge wenyewe, halafu akampaka kila mmoja dawa ya unga chini ya mabawa na kuzunguka mkia. Kazi yangu ilikuwa kuwashika. Nilidonolewa sehemu ambazo sitazitaja. Siku kumi baadaye akasema turudie.

"Wamekwisha, mwanangu."

"Wakubwa ndio waliokwisha, Baba. Mayai hayasikii dawa, na sasa yameanguliwa."

Nikarudi kushika kuku. Lakini lazima niseme ukweli: walipona. Kuku wakaatamia wakatulia, na jogoo niliyemtenga kwa ajili ya tambiko akawa mzito, upanga wake wa kichwani mwekundu kama pilipili. Majirani walipouliza, niliwaeleza dawa hiyo kana kwamba mimi ndiye niliyeigundua.

Ukafika mwezi wa Baisakh, mwaka wetu unapoanza, na ukoo wetu ukakutana. Mganga wetu, Purnasing, alimshika jogoo wangu mbele ya mawe ya wazee. Mimi nilikaa mbele kabisa, nimeshajiandaa kupongezwa. Pombe ya ulezi ilikuwa imeiva, niliinusa.

Purnasing akanyunyiza. Jogoo akatulia. Akanyunyiza tena. Jogoo akatutazama mmoja mmoja, mtulivu, kama mgeni anayesubiri chakula. Mara ya tatu akala punje ya mchele iliyomwangukia mguuni.

Dada yangu mkubwa, Manrupa, ambaye ukoo mzima unamwogopa, akasimama.

"Miaka ishirini hatujaona aibu hii. Nyumba hii ina nini kipya?"

Watu wote wakamgeukia Rupsara. Akainamisha kichwa.

"Eti jogoo wa wazee anamwagiwa dawa na majivu na mtu aliyeingia juzi! Arudi kwao mpaka Hasta aje, ndipo tutaongea."

Hasta alikuwa na miaka miwili mbele yake kabla ya kuja.

Hapo ndipo akili yangu iliponifikia. Jogoo hakuwa na la kumfanya ajikung'ute. Nakiri niliwaza kunyamaza. Sifa nilikuwa nayo moja tu maishani, na ningeitoa wapi nyingine katika umri huu? Kisha nikaiona mikono ya yule binti, imejaa makovu ya kucha za kuku wangu, na nikajionea haya.

"Dada, si yeye," nikasema. "Ni chawa."

"Chawa gani tena?"

"Majogoo wangu hawakuwa wanakubali. Walikuwa wanawashwa. Miaka yote ishirini."

Purnasing akakohoa.

"Mimi nilijua," akasema.

"Ulijua?"

"Kaka, kila nikimshika jogoo wako najikuna siku tatu. Mizimu haina utitiri."

"Na ukanyamaza!"

"Ulikuwa unafurahi mno. Na mimi nilikuwa nawahi kwenye pombe."

Walicheka mpaka wengine wakaegemea mawe ya wazee, jambo lisiloruhusiwa. "Sasa kaa chini," Purnasing akaniambia, "ungoje kama watu wengine."

Nikakaa. Sikuwahi kungoja maishani mwangu, na sikujua kwamba kungoja kunatisha hivyo. Kwa mara ya kwanza nilizungumza na marehemu baba yangu kwa dhati. Nilimwambia mimi ni mjinga, naye alilijua hilo kabla sijajua. Lakini binti huyu ni mwema, asifukuzwe kwa ajili yangu. Miguu ikafa ganzi. Jua likahama kutoka jiwe hadi jiwe.

Jogoo akafumba macho, akafumbua. Kisha akajikung'uta, taratibu, kuanzia shingoni hadi mkiani, na wingu la majivu likamtoka likatua juu ya shali mpya ya dada Manrupa.

Nililia waziwazi. Rupsara naye alilia, na Tilsari alitucheka sisi wawili huku akijifuta macho.

Dada alipangusa shali yake kwa muda mrefu. Halafu akamwita Rupsara pembeni, lakini sauti yake haijui kunong'ona.

"Mwanangu, kesho asubuhi uje kwangu na hayo majivu yako. Nina majogoo wawili niliowanunua kwa huyu baba mkwe wako. Nao wanakubali upesi mno."