Kamba ya Maksai Aliyeuzwa

Wanaonijia kazini ni watu wa aina mbili: waliopotelewa na walioumia. Gereza letu ni dogo, la wilaya, lina shamba la alizeti na mtama nyuma ya ukuta, na mimi ni askari niliyepewa kazi ya kupokea madai ya wafungwa na kuyaandika ili yapelekwe juu. Sikuiomba kazi hii. Nina kidato cha nne ambacho daraja lake sipendi kulitaja, na kila nikimaliza kuandika dai la mtu huwa naogopa nimempunja kwa kukosa neno zuri. Au nimemwongezea, na hiyo nayo si haki.

Wengi hudai simu, viatu, mkanda. Huyu ninayemkumbuka alidai kamba.

Alikuwa mfugaji wa upande wa Mungaa. Siku aliyokamatwa alikuwa mnadani, ametoka kuuza maksai wa baba yake. Akakaa kwenye kibanda cha pombe, wakagombana na mtu, akampiga. Kwa haki niseme alimpiga kweli, na mahakamani hakukataa. Aliletwa kwetu na koti, kofia, na kamba ya ngozi ameizungusha begani. Vyote vikaingia stoo ya mali za wafungwa, kama ilivyo kawaida.

Akiwa ndani akaumia. Mkokoteni wa ng'ombe wenye magunia ya alizeti ulirudi nyuma ghafla ukambana mkono wa kulia ukutani. Hospitali wakamkata vidole viwili. Alipopona nikamwita tuandike dai la fidia. Nilikuwa nimejiandaa, hata maneno ya kuanzia nilikuwa nayo.

"Tuanze na mkono," nikamwambia.

"Afande, tuanze na kamba."

"Mkono ndio jambo kubwa."

"Mkono upo, nauona huu hapa. Kamba siioni. Nilipopewa koti la kwendea hospitali, haikuwepo."

Nilimwelewa, kwa sababu mimi ni wa Mgori, Mnyaturu kama yeye. Kwetu ukiuza ng'ombe humuuzi pamoja na kamba. Mnunuzi anakuja na yake, wewe unafungua ya kwako unarudi nayo nyumbani. Mzee wa mji, yaani mwenye boma, anaipokea kwenye mlango wa zizi, anaitundika kwenye nguzo, na hapo ndipo ng'ombe anahesabiwa kuwa ameondoka vizuri. Isiporudi ni kama umemtupa, tena umewatupa na wenzake waliobaki.

Baba yangu aliuza mtamba ili mimi niende mafunzo ya uaskari. Alirudi na kamba, naambiwa, lakini nilikuwa nimeshapanda basi. Sasa baba hayupo na zizi limeota majani. Mama anasema nguzo bado ina kamba zake zote. Kuna siku nakaa kazini natamani kwenda kuzishika tu, basi, halafu nirudi. Likizo ikifika naona aibu kusafiri kwa ajili ya kamba, napeleka sukari na vitenge, nakaa na mama jikoni, na kule nyuma ya nyumba siendi. Sijui ninaogopa nini.

Nikaenda kwa askari wa stoo. Ni mtu mzima kuliko mimi, ametoka mkoa wa mbali wasikofuga.

"Dada, mfungwa anadai kamba?"

"Anadai, kaka."

"Ya nini? Akijinyonga tutahojiwa mimi na wewe."

"Anaitaka siku ya kutoka."

"Basi mwandikie fidia, humu stoo haipo. Mnadani zimejaa za manila, rangi anachagua mwenyewe."

Nilicheka. Baadaye nilijuta kucheka, ingawa kwa kweli alinichekesha.

Siku ya kutembelea wafungwa akaja baba yake, mzee mwembamba mwenye fimbo. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniangalia vizuri.

"Wewe ndiye wa vitu vilivyopotea?"

"Ndiye mimi, baba."

"Na mkono wa mwanangu? Ni wewe huyo huyo?"

"Ni mimi pia."

"Una kazi, mwanangu." Akakaa kwenye benchi. "Mkono wake nimeulilia nyumbani nikamaliza. Kamba je?"

"Tunaitafuta."

"Itafute. Haina miguu ile, ipo humu humu." Kisha akasema kwa sauti ya chini, si kama anayelalamika: "Akitoka bila hiyo kamba atalala kwangu na atakula kwangu. Ila zizini haingii. Na mfugaji asiyeingia zizini ni mgeni. Mimi nina mtoto mmoja wa kiume, jioni nafunga zizi peke yangu. Kila nikifunga naacha uwazi kidogo mlangoni, kama kuna mmoja hajaingia."



Kesho yake nikaenda kwa maksai wa gereza, wale wa kulimia. Sikuwa na akili kubwa ya kutafuta; nilifikiri tu kamba hukaa kwenye ng'ombe. Nikaikuta shingoni mwa maksai mwekundu, ngozi iliyosukwa vizuri, yenye fundo la Kinyaturu ambalo hapa gerezani hakuna anayelifunga. Mfungwa anayewachunga akasema alipewa na afande wa stoo.

Nikarudi kwa yule kaka wa stoo, nikamwambia.

"Ilikuwa imeanguka chini ya rafu," akasema. "Inanuka ng'ombe. Nikajua imetoka huko kwenye maksai wetu, nikairudisha. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Nimejiuliza sana swali hilo. Ningezaliwa kwao, huenda ningefanya vile vile. Sikumwandika kwamba ameiba, kwa sababu hakuiba. Mkuu wa gereza naye hakuweka ugumu, akasema mwenye mali apewe mali yake.

Nikampelekea kamba yule kijana wa Mungaa mwenyewe, nikiwa na furaha ya kijinga. Akaishika kwa mkono wa kushoto, akainusa, akanirudishia.

"Si yangu tena, afande."

"Ni yako! Angalia fundo."

"Ilikuwa yangu. Sasa imemfunga ng'ombe wenu. Nikiondoka nayo nimemwibia huyo. Siku mkimuuza mtarudi na nini?"

"Gereza halina nguzo ya kutundikia."

"Hilo ni lenu," akasema, akacheka. Halafu akageuza uso ukutani, na mabega yake hayakuwa ya mtu anayecheka. Nilitaka kumwambia achukue tu, nani atajua. Sikusema. Yeye angejua. Nikairudisha shingoni mwa maksai mwekundu.

Asubuhi ya kutoka kwake mzee alikuwa ameshafika getini. Mwanawe alishamdokezea siku nyingine ya kutembelea, lakini nilimweleza yote tena bila kuficha kosa letu. Akasikiliza mpaka mwisho, akaomba kumwona maksai. Mkuu alishangaa ombi hilo, lakini akaruhusu.

Mzee alisimama mbele ya yule mwekundu, akamkuna chini ya kidevu, akaongea naye Kinyaturu polepole. Niliyoyasikia ni haya: kwamba kilicho shingoni mwake kilifika kwa makosa, kwamba yeye ng'ombe hana lawama, na asiende kufikiri ananyang'anywa. Kisha akatoa kamba mpya ndani ya koti, ya ngozi, ameisuka mwenyewe.

"Nimekuja na yangu, kama mnunuzi," akaniambia. Akaifunga mpya kwanza, ndipo akafungua ya zamani. "Sasa kila mtu ana yake."

Akamkabidhi mwanawe. Kijana alipokea kwa mikono miwili kwa heshima, lakini ule wa kulia haukuweza kushika, kamba ikamteleza ikaanguka vumbini. Hakuna aliyemsaidia. Baba yake alisubiri. Akaiokota, akaizungusha kwenye kifundo cha mkono wenye kovu, akaikaza kwa meno.

Dai la mkono lilikuwa bado halijajibiwa huko juu, nikawaambia hivyo. Hata leo halijajibiwa. Mzee alisema atakuja kuuliza, na kweli huwa anakuja.

Nje ya geti dereva wa bodaboda akawasha pikipiki. "Mzee, pandeni, Mungaa chap!"

"Ng'ombe hapandi pikipiki," mzee akamjibu.

"Ng'ombe yuko wapi?"

Wakashika njia ya katikati ya alizeti, kijana mbele na kamba, mzee nyuma yake na fimbo, mwendo wa kuswaga ng'ombe, bila haraka. Nilisimama pale mpaka vichwa vyao vikapotea, nikiikumbuka nguzo ya baba. Askari wa zamu akaniuliza kama kuna mtu ninamsubiri. Nikasema hapana. Halafu nikaona kwamba hilo si kweli sana, ila sikujua nilirekebishe vipi.