Pikipiki ya Mama

Kwetu Élisabethville, enzi za Wabelgiji, pikipiki ilikuwa ya mama. Aliinunua kwa kuuza munkoyo, kinywaji chake cha mahindi. Polisi walimsimamisha kila mara: mwanamke aliyejifunga kikwembe, mtoto mgongoni, bila shaka ameiba.

Baba alipokufa, ndugu zake walikuja kutoka Kipushi kubeba mali ya marehemu, kama ilivyo desturi.

"Mwanamuke hana pikipiki," baba mkubwa alisema. "Hii iko ya ndugu yetu."

Majitu mazima yale, hakuna hata mmoja aliyejua kuiendesha! Bila haya, wakamwomba mjane awapelekee.

Mama akaiendesha hadi Kipushi, kitambaa cha matanga kichwani, baba mkubwa nyuma amemshika kiuno kwa woga. Akarudi kwa miguu.