Nyumba Niliyoitukana Kitabuni Imefika Free Area

Watu wangu, leo nimekata utepe wa nyumba niliyoitukana.

Mnajua vile mimi huandika vitabu vya kukosoa majengo. Kwa kile cha mwisho niliweka picha ya nyumba mbaya kuliko zote: nguzo za kanisa, madirisha ya benki, paa la hoteli.

Sasa mzee jirani ya mamangu, hapa mtaa wa Free Area, Nakuru, hakusoma maneno. Aliona picha tu, akaambia fundi, "Nijengee hii."

Leo amenishika mkono mbele ya wageni. "Prof, si tumefuata kitabu chako?"

Makofi! Nikapewa makasi.

Halafu pasta akainua kitabu changu juu, akaomba: "Baba, nyumba kama hii zijae Nakuru yote!"

Wote wakasema amina.

Hata mimi.

Jamani, amina hurudishwa wapi?