Mimi Nilianzisha, Yeye Akaitikia

Juzi, rafiki yangu, nilisikia wimbo wa bibi yangu mnadani Katesh, ukitoka kwenye spika ya muuza laini za simu, na sikufurahi. Hakuna aliyekuwa anaimba. Lilikuwa gitaa la besi tu, na nyuma yake sauti ya jiwe la kusagia. Muuzaji akaniambia, "Huyu dada ni wa huku kwetu, mzee. Anapiga mpaka Ulaya." Kana kwamba sijui. Huyo dada ni mdogo wangu, tumenyonya ziwa moja. Nikanunua vocha nisiyoihitaji, nikaondoka na wivu wangu.

Jioni yake akapiga simu. "Shikamoo kaka." Nikaitika marahaba. Akasema anataka kuurekodi upya wimbo ule, safari hii na maneno yake. "Mimi nilikuwa naitikia tu, maneno sikuyashika. Wewe ndiye uliyekuwa unaanzisha. Nikumbushe, kaka." Nikasema nitampigia. Kesho yake nikapanda basi kwenda Maretadu, kwenye kiwanja cha marehemu bibi, kuyatafuta maneno.

Bibi alitulea pale, kwenye baridi ile inayokufanya uamke kabla ya jogoo ili uwahi jiko. Nyumba ilinuka moshi na maziwa ya mgando. Mashine ya kusaga ilikuwepo Dongobesh, lakini mtama wa nyumbani bibi aliusaga mwenyewe, amepiga magoti mbele ya jiwe, akisema unga wa mashine hauna wimbo. Na wimbo haukuwa wa kuimba peke yake. "Anza, baba," ananiambia mimi. "Na wewe mama, itikia."

Mimi ndiye niliyekuwa na sauti. Nilianza kwa maneno ya Kiiraqw cha zamani, lugha yetu Wambulu, mengine sikujua hata maana yake, bibi akasukuma jiwe, na mdogo wangu, kamasi zinamtoka, akaitikia kwa chini: mmm. Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake yote. Ni kama wazee wanapobariki shamba au mvua: mmoja anasema, wengine wote wanaguna chini ya kila mstari. Siku moja nilimcheka kwamba anaimba kama ndama aliyefungiwa. Bibi hakucheka. Alisema, "Sala isiyoitikiwa inarudi nyumbani na njaa." Mimi nilidhani anambembeleza mtoto.

Lakini wageni wakija, aliyeitwa ni mimi. Kanisani, mwalimu wa kwaya alinipa mimi gitaa la solo, lenye utepe mwekundu. Mdogo wangu akaachiwa besi kwa sababu hakuna aliyelitaka. Nyuzi zake nene kama kamba za kufungia ng'ombe. Nyumbani alijitengenezea la kwake, debe la mafuta ya kupikia, mti na waya mmoja, akawa anaguna nalo nyuma ya zizi mpaka jirani akalalamika kwamba ng'ombe wake hawatoi maziwa.

Kutoka kwaya akaingia bendi ya dansi Arusha. Nikasema atarudi. Kutoka dansi akaenda taarabu, yeye Mmbulu wa mlimani, halafu akapigia vijana wa bongo fleva, halafu jazi na Wazungu, na siku hizi anatunga muziki wa filamu. Kila nikidhani ameishia hapo, anafungua mlango mwingine. Mimi nilibaki na solo, na solo likabaki ukutani. Nauza mbegu na dawa za mifugo. Biashara ni nzuri, nashukuru. Ila akitajwa yeye dukani, nahesabu chupa za dawa ya kupe ambazo nimeshazihesabu.

Kwenye kiwanja cha bibi sasa kuna maharage ya jirani. Jiko halipo. Jiwe lipo, wananolea mapanga. Nikalikalia, nikafungulia wimbo kwenye simu. Besi ikaguna, ikanyamaza, ikaguna tena. Pale inaponyamaza ndipo palipokuwa pangu. Nikafungua mdomo. Neno la kwanza likaja. La pili halikuja. Nikarudia mwanzo kama mtoto aliyesahau shairi mbele ya darasa, likaja lilelile moja.

Jirani, mama mzee aliyekuwa akipalilia, akasimama kunitazama. Nilimwamkia, nikamwuliza kama anayakumbuka maneno. "Yale yalikuwa ya bibi yako," akasema. "Kila nyumba ilikuwa na ya kwake. Sisi tulisikia mnavyoguna tu." Akainama tena kwenye maharage.

Kwa hiyo huyu niliyekuwa namcheka amekishika kipande chake mpaka Ulaya, na mimi niliyepewa maneno nimeyaangusha njiani, wala sijui wapi. Hilo, rafiki yangu, ndilo ninalomwonea wivu. Sifa na safari angebaki nazo.

Nikampigia. Nikamwambia yamepotea.

"Basi nitakuachia nafasi yako wazi, kaka," akasema. "Watu wakiuliza, nitawaambia hapo alikuwa anaanzisha kaka yangu. Sawa?"

Jiwe lilikuwa la baridi chini yangu.

"Mmm," nikaitikia, mimi mwenye sauti.